Habari za Punda kwa Sauti ya Msahafu

Jumatano mama alifariki, muda mfupi kabla ya adhana ya adhuhuri, na alasiri ya siku hiyo hiyo wanaume wakaenda kumzika. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake. Watu walinitazama kuona kama nitalia. Sikulia, na mpaka naandika haya sijalia. Niko kama mtu aliyetiwa ganzi ya jino. Ulimi unakwenda pale palipong'olewa, unakuta shimo, unarudi. Maumivu hayaji.

Siku ya tatu, matanga yakiwa bado hayajaanuliwa, khaloo Zuwena, mdogo wake mama, alisema tupange kabati la chumbani kabla wageni hawajafika. Nguo zilikuwa chache. Kwenye rafu ya juu, mahali pa msahafu, ulikuwepo msahafu wake, na pembeni yake kitu chembamba kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Khaloo akakifungua. Kilikuwa kitabu cha skuli, cha kusomea Kiarabu darasa la kwanza, jalada limechanika, juu yake mtoto na paka.

"Hiki nacho kinafanya nini huku juu?" aliuliza. "Dada yangu naye!"

Kilinuka udi na karatasi kuukuu. Nilikishika, nikakaa kitandani. Nilijua kilikuwa kinafanya nini huku juu.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa Wattaya, nyuma ya maduka yanayouza magari mapya. Baba, ambaye naye ameshatangulia, alikuwa akifanya kazi katika mojawapo ya maduka hayo, akiyaosha magari na kuyasogeza. Anatoka alfajiri, anarudi baada ya isha. Nyumba ilikuwa vyumba viwili, na ukifungua dirisha inaingia harufu ya matairi mapya. Mpaka leo nikipita penye duka la matairi nahisi nimechelewa somo.

Tulikuja huku nchi ya Waarabu kutoka Unguja nikiwa na miaka sita, na karatasi zetu sisi watoto zilikuwa hazijakamilika. Skuli ilisema tusubiri. Baba alisema ni mwezi mmoja au miwili. Ikawa miaka miwili. Mama alisema hawezi kukaa akatazama watoto wake wanakua kama mbuzi wanaozurura mtaani. Akachukua kwa jirani vitabu vilivyokwisha kutumika, akaanza kutufundisha mwenyewe.

Mama hakusoma skuli sana. Alichosoma sawasawa ni chuo, kwa mwalimu wa Kurani, na huko alikuwa hodari kupita wenzake. Aliweza kusoma maandishi yoyote ya Kiarabu yaliyotiwa irabu bila kukwama. Maana yake hakuijua, ila maneno machache ya sokoni. Na alijua njia moja tu ya kuyasoma: kwa sauti ya msahafu, kuvuta panapovutwa, kupitisha sauti puani panapotakiwa, kichwa kikienda mbele na nyuma. Kwa hiyo hivyo ndivyo alivyotufundisha. Asubuhi tunatawadha, mimi na mdogo wangu Haitham, tunakaa juu ya busati. Kitabu kinawekwa kwenye marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Mama ameshika kijiti cha kuonyeshea herufi, mtoto mchanga, Khole, amelala mapajani mwake. Tunapiga bismillahi, tunaanza kusoma habari za Salim na paka wake aliyekunywa maziwa. Tukimaliza tunakibusu kitabu, tunakipandisha rafuni.

Mimi niliamini yule paka ameteremshwa kutoka kwa Mungu. Sikuwa na sababu ya kuamini vingine. Siku moja baba alinichukua kazini kwake, nikaona ndani ya magari yale mapya wametandika karatasi zilizopigwa chapa kwa Kiarabu, pale dereva anapoweka miguu. Nililia mpaka baba akanirudisha nyumbani.

"Ana nini huyu?" mama aliuliza.

"Mwulize mwenyewe. Anasema watu wanakanyaga maneno."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Alinipangusa uso akasema nilifanya vizuri kulia.

Jirani yetu alikuwa Mama Ghaliya, mwenyeji wa hapa hapa, mama mnene mwenye sauti kubwa, na Kiswahili chake alikiokota kwetu. Asubuhi moja alipiga hodi akaingia na sahani ya tende, kichwa amekifunika vizuri kuliko kawaida yake. Akakaa karibu na mlango, mikono magotini, macho chini. Mama alimwashiria kwa kichwa, akatuacha tuendelee. Haitham alikuwa anasoma habari za punda aliyekataa kwenda sokoni, na alikuwa amefika mahali pa kuvuta, akavuta kwelikweli, macho ameyafumba.

Mama Ghaliya akakunja uso. Kisha nikaona mabega yanamtikisika.

"Umm Haitham," alisema, "hii sura gani, dada?"

"Darasa la kwanza," mama akajibu.

"Punda!" Mama Ghaliya akapiga kofi. "Punda hataki kwenda sokoni! Mimi nasikia dirishani, nasema jirani leo ana khitma, haya nende nipate thawabu. Nimekaa na adabu yangu yote, kumbe namsikiliza punda!"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Haitham alicheka kwa sababu yeye alicheka. Mama naye alicheka, amejiziba mdomo na ncha ya mtandio, lakini niliona shingo yake imekuwa nyekundu.

"Sasa mwasomaje nyinyi?" mama aliuliza.

Mama Ghaliya alikitoa kitabu kwenye marfaa, akakiweka juu ya goti lake kama sahani, akasoma ukurasa mzima kavu kavu, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Nilingoja kitu kimtokee. Hakikumtokea kitu.

"Basi hivyo tu?" mama aliuliza.

"Hivyo tu. Punda huyu, dada. Punda."

Kuanzia siku hiyo tulianza upya. Mama alijifunza kwanza yeye kusoma bila kuvuta, na ilimpa tabu sana. Nilimsikia jikoni, anakoroga mchuzi huku anasema sentensi zile za paka kwa sauti bapa, anajisahau, sauti inapanda, anajikatiza mwenyewe: "Ah, we mwanamke!" Anaanza tena. Mama Ghaliya alikuja kila alipopata nafasi, akamwelezea na maana. Mimi nilishika upesi. Baada ya miezi michache niliweza kusoma kavu kama mwenyeji, na nikawa naelewa ninachosoma.

Sasa niseme jambo ambalo sikulielewa wakati ule.

Mama alikuwa anachakaa. Asubuhi tulikuwa wanafunzi wake, adhuhuri tukawa wanawe tunaotaka kula, alasiri nguo, jioni chakula cha baba, na Khole mgongoni muda wote. Alikula amesimama. Nywele zake alizisuka mara moja kwa wiki mbili. Somo likiisha na wali ukishapakuliwa, alikuwa akiingia chumbani, analala chini juu ya saruji kwa sababu ina baridi, uso ameuelekeza ukutani. Nilikuwa nachungulia. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi, anatazama ukuta tu, na Khole akilia ilimchukua muda kugeuka.

Siku moja wali uliungua. Nilisikia harufu nikaenda jikoni. Mama alikuwa amezima jiko, amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kata bado iko mkononi.

"Mama, waumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nimechoka tu."

Alikaa. Nikakaa na mimi. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Mama, tusome?"

Aliiweka kata chini. Kisha akashika ukingo wa kabati, akajinyanyua. "Haya. Tusome."

Akaenda akanawa uso, akavaa mtandio safi, akaja akakaa mbele ya marfaa, na sauti yake ikatoka vizuri. Mimi nikaona nimegundua dawa. Niliweka hesabu ya mtoto kichwani: mama akisomesha anasimama, mama asiposomesha analala chini anatazama ukuta. Basi somo ndilo linalomweka mama mzima. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba ni somo hilo lililokuwa linamlaza chini. Baada ya hapo kila nilipomkuta sakafuni nilimwambia tusome, hata kama tulishasoma. Na kila mara alinyanyuka.

Karatasi zikatoka. Baba alikuja nazo mchana, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, akampa mama mkono kama mgeni. Haitham angeingia darasa la kwanza bila maneno. Mimi nilikuwa na miaka minane. Kwa darasa la kwanza nilishapita, kwa hiyo ingebidi nijaribiwe kusoma. Nikisoma vizuri nitaingia la tatu pamoja na watoto wa umri wangu. Nisipoweza, nitakaa nyumbani mpaka mwaka unaofuata, nijaribiwe tena.

Wiki hiyo khaloo Zuwena alikuja kutoka Sidab, alikokuwa ameolewa. Alikuwa amesikia kuna madarasa ya wanawake watu wazima, asubuhi, kusoma na kuandika Kiarabu tangu mwanzo, na ukiendelea unapata cheti. Alishaandikisha majina mawili, lake na la mama. Mama Ghaliya alikubali kukaa na Khole. Walikuwa jikoni wanachambua mchele, na mimi nilikuwa mlangoni.

"Tutakaa dawati moja," khaloo alisema. "Lakini ukinichungulia, n'takusemea kwa mwalimu."

"Nikuchungulie wewe! Wewe chuoni ulikuwa ukifinywa kila siku. Masikio yako mpaka leo yamesimama."

"Yamesimama yasikie. Wewe uliyesoma umejua nini? Umemsomea punda khitma."

"Toka hapa!" Mama alimrushia mchele. Walicheka mpaka khaloo akaanza kukohoa. Kisha mama akasema, taratibu, "Zuwena, nnaona kama siamini. Asubuhi nitoke, peke yangu, na mkoba."

"Basi mtoto asome vizuri huko, utatoka."

"Huyu? Huyu hana wasiwasi."

Kesho yake mama alipiga pasi baibui lake jeusi akalitundika mlangoni. Chini yake akatundika mkoba wa bluu.

Mtihani wenyewe ulikuwa chumba kidogo, meza, na mwalimu wa kike mwenye miwani. Wengine wawili walikuwa wanajaza makaratasi pembeni. Mama aliambiwa akae nje, kwenye benchi, karibu na mlango ambao haukufungwa. Mwalimu alinifungulia kitabu, hadithi ya mtoto na baiskeli. Niliutazama ukurasa. Nilizijua herufi zote na maneno yote. Mtoto alikuwa ameanguka na baba yake amemnunulia dawa.

Nilisoma kwa sauti ya msahafu.

Nilivuta mahali nilipojua hapavutwi. Nilitikisa kichwa. Mwalimu kwanza alitabasamu, wale wawili wakainua vichwa, mmoja akacheka akajizuia. Mwalimu akasema, mwanangu, soma tu kama unavyozungumza. Nikavuta zaidi. Akaniuliza, mtoto amefanya nini? Nikasema sijui. Akauliza, hii ni nini, akaonyesha picha ya baiskeli. Nikasema sijui.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilifanya vile kwa ajili yake, kwamba niliogopa nikienda skuli atalala chini na hatakuwepo wa kumwambia tusome. Hiyo ni kweli. Lakini si kweli yote. Niliogopa pia ule mkoba. Sikutaka atoke. Sikutaka awe na pahali anapocheka bila mimi. Mambo yote mawili yalikuwa ndani yangu, na siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa.

Mwalimu alitoka akazungumza na mama. Nilimsikia mama anasema, "Naam. Naam. Ahsante," kwa Kiarabu chake kidogo. Hakuniuliza kitu. Tulipanda teksi, na tulipofika kwenye mzunguko karibu na nyumbani akanishika mkono.

"Usihuzunike," alisema. "Si kosa lako. Ni mimi niliyekufundisha vibaya tangu mwanzo. Kitu kikishaingia kichwani hakitoki."

Nilikuwa na nafasi pale. Dereva alikuwa anasikiliza redio, mama alikuwa ananitazama. Nilitazama dirishani.

Siku mbili baadaye khaloo alikuja akiwa amevaa tayari. Mama alimpokea na khanga ya kazi. Alisema amebadilisha mawazo, haendi.

"Kwa nini?"

"Sitaki tu. Huyu bado mdogo, n'takaa naye mwaka mmoja zaidi. Na mimi skuli naiona haya, mtu mzima."

Hakusema kwamba nimeanguka mtihani. Alinifichia. Alikuwa akijua kwamba khaloo akijua, Sidab nzima itajua, na mimi nitaitwa mjinga mpaka niolewe.

"Sema kweli. Waogopa?"

"Naogopa."

"Basi mwoga wewe," khaloo alisema, na sasa hakuwa anafanya mzaha. "Nimekuandikisha, nimekuombea, leo wanambia waona haya. Mwoga!"

Alikwenda peke yake. Mkoba wa bluu alipewa Haitham, akaenda nao skuli. Mama alinisomesha mwaka mwingine mzima, na kila siku alikuwa akinirekebisha sauti ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Sikumwambia tena tusome, lakini alinyanyuka mwenyewe. Alichokuwa akikifanya zamani, kile kicheko cha kujiziba mdomo, sikukiona mwaka huo. Sisemi hakikuwepo. Sikukiona.

Mwaka uliofuata nilisoma kavu, nikaingia. Sikufika mbali kwenye skuli. Niliacha darasa la tisa, nikaolewa. Khaloo Zuwena alipata cheti, akafanya kazi ofisini miaka mingi, akajifunza gari. Mama hakurudi. Ujumbe wa simu alikuwa akipeleka wa sauti, na ukija wa maandishi yasiyo na irabu aliwapa wajukuu wamsomee. Hospitali, siku zake za mwisho, kulikuwa na karatasi ukutani, yenye irabu, inayosema simu zizimwe. Nilimkuta anaisoma kwa sauti ya chini, anavuta panapovutwa. Muuguzi alidhani anasoma Kurani, akapunguza sauti ya televisheni.

Na khaloo hakumsamehe sawasawa. Ulikuwa ni mzaha wao, kila harusi, kila Idi. Watu wakimsifu khaloo kwa kuendesha gari, anasema, "Dada yangu naye angeweza, ila mwoga huyu." Mama anacheka. Mimi nilikuwepo mara nyingi, na sahani mkononi.

Siku ya tatu ya matanga, basi, khaloo alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya kabati, kitambaa cheupe amekishika. Alisema, "Masikini. Kakiweka na msahafu. Na siku ile angekuja, angekuwa amesoma vitabu vya haja. Uoga tu ndio uliomponza."

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia yote kwa mpangilio, baiskeli, mwalimu, teksi, sauti yangu haikupanda wala haikushuka. Nilimwambia kwamba mama hakuogopa kitu, alibaki kwa sababu yangu, na mimi nilifanya kusudi.

Khaloo alikilaza kitambaa magotini.

"Yeye alijua?" aliuliza. "Kwamba kusudi?"

"Hapana. Mpaka mwisho alidhani alinifundisha vibaya."

"Na hukumwambia. Miaka yote hii."

"Sikumwambia."

"Mimi nimemwita mwoga," alisema. "Wiki mbili tu nyuma, pale hospitali, anakataa sindano. Nimemwambia, wewe tangu zamani mwoga." Alikikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka juu ya kitanda. "Ungenyamaza nalo. Au ungelisema yupo. Sasa nilifanye nini mimi?"

Mlango wa nje ukagongwa, wageni wakaanza kuingia, akanyanyuka, akajifunga mtandio, akaenda kuwapokea. Nilimsikia anasema Mungu ndiye mkubwa, ahsanteni, karibuni ndani. Na mimi nikatoka nikakaa kwenye mstari wa wafiwa, ukutani, nafasi yangu. Khaloo alileta chupa ya kahawa na vikombe, akaanza kumimina kutokea kulia. Akampa jirani, akampa mkwe wangu, akampa Khole aliyekaa pembeni yangu. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akamiminia aliyefuata.